Madoa Anazaa Jumanne

Jumamosi, 16 Agosti

Naahidi kuandika kila kitu. Hata ya aibu. Mama aliniachia daftari hili mwezi wa nne, siku alipoondoka kwenda kambini, akasema andika yote, usinichagulie, nitasoma nikija. Nimekuwa mvivu hadi leo. Leo kumetokea jambo.

Kwanza utangulizi, kama tulivyofundishwa. Mimi ni Teresia, kidato cha tatu, wa Itiryo. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Naishi na Bibi. Mama anafua mashuka kwenye kambi ya watalii kule Natta. Likizo yake ilikuwa ianze tarehe moja mwezi huu. Wageni wamekuwa wengi. Imesogezwa mpaka Novemba. Novemba!

Sasa Madoa. Alikuwa dume la nyumba ya Mama. Ng'ombe aliyemzaa alikuja na mahari ya dada Tabitha. Mwezi wa tatu Baba mdogo Nelson, anayeuza makava ya simu pale Sirari, aliwashawishi wazee tumuuze Madoa, tununue hisa za kampuni moja ya Amerika inayotengeneza chipu. Ni vile vidude vidogo kuliko ukucha vinavyofanya kompyuta ifikiri. Bibi aliuliza kitu kidogo kuliko ukucha kinawezaje kulingana na dume zima. Hakujibiwa vizuri. Rafiki wa Baba mdogo, Ochieng wa upande wa Kenya, akaonyesha namna ya kununua kwa simu. Mwalimu Benedicto, anayetufundisha uwekaji hesabu, aliongeza kidogo chake. Baba mkubwa Zablon naye kidogo. Lakini mwili wenyewe ni Madoa.

Jina la kampuni ni gumu. Bibi akilitamka mara tatu yanatoka majina matatu. Kwa hiyo hisa tunaziita Madoa. Madoa amepanda. Madoa ameshuka. Mgeni akitusikia atadhani bado yuko zizini.

Mama alisema Madoa akinenepa vya kutosha atanunua cherehani, ataacha kazi ya kambi, atashona sare za shule hapa hapa nyumbani. Mimi nitakuwa naweka vifungo. Tumeshapanga hata cherehani itakaa dirisha lipi.

Basi leo jioni kikao kwa Baba mkubwa. Baba mdogo alitangaza kwamba kampuni itatoa taarifa ya mapato ya miezi mitatu usiku wa Jumanne, tarehe 26. Mwalimu Benedicto akaeleza maana yake. Mapato ghafi. Makadirio. Matarajio ya soko. Chai ilipoa. Baba mkubwa akamkatiza, akasema kwa kifupi, anazaa. Bibi akauliza dume anazaaje. Baba mkubwa akajibu kwamba huko ni Amerika. Wote wakaridhika.

Swali: tumuuze kabla hajazaa, au baada? Baba mdogo alisema tungoje, ati ni nani mwenye akili anauza ng'ombe mwenye mimba, mnunuzi si anaondoka na wawili? Mwalimu alisema hapana, bei ya leo imeshamhesabu ndama, dunia nzima inaliona tumbo. Baba mkubwa aliuliza, na ndama akifia tumboni? Baba mdogo akasema wazee wa hapa wanapenda kulia kabla ya msiba. Baba mkubwa akamwita mura, yaani kijana, kwa ile sauti ya kumkumbusha nani alizaliwa kwanza.

Ndipo Bibi, aliyekuwa akichambua maharage kama hayupo, akauliza: na kamba atafungua nani?

Wote wakamgeukia. Hata Mwalimu.

Kwetu ng'ombe wa nyumba ya mwanamke hauzwi mpaka mwenyewe amfungue kamba kwa mkono wake. Mwezi wa tatu Mama alimfungua Madoa langoni mwa zizi, kisha akaangalia pembeni. Nilimwona. Kwa hiyo wakikubaliana kuuza, Mama, Mama Tabitha kama wanavyomwita, lazima aitwe nyumbani. Bibi akisema jambo la zizi, Baba mkubwa hunyamaza, na yeye ana wajukuu saba.

Masikio yangu yalipata moto. Mpango! Wakubali kuuza. Mama aje. Na ni nani huwasomea wazee habari za Kiingereza kutoka kwenye simu ya Baba mdogo? Mimi. Alama sabini na nane. Dorah, binti wa Baba mkubwa, tunasoma darasa moja, ana themanini. Lakini Dorah husoma kama anafukuzwa na nyuki.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya simu. Mama hupiga kila Jumapili baada ya ibada, akiwa amepanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba za wafanyakazi, maana chini hakuna mtandao. Wiki nzima nilikuwa nimepanga mambo ya kumwambia. Kwamba nimekuwa wa tatu kwenye Kiswahili. Kwamba mkungu wa ndizi umekatwa. Kwamba nimeota amerudi akiwa mfupi.

Nilisema: Shikamoo Mama. Ndiyo Mama. Ipo Mama. Hajambo, goti tu.

Akakatika.

Alichosema yeye: sabuni ipo? Goti la Bibi? Wageni hulala usiku mmoja, mashuka yanafuliwa kama wamelala mwezi. Kisha akasema Tere, na mtandao ukamchukua. Tere nini? Nimekaa nalo siku nzima.

Aliacha kanga yake moja msumarini. Zamani ilikuwa na harufu yake. Nimeinusa mno. Sasa inanuka mimi.

Dorah alipita jioni akilalamika. Mama yake amemwita mara nne kutoka mtoni, akamgombeza kwa sufuria, akamgombeza kwa viatu, akamgombeza kwa namna anavyokaa. Alitaka nimwonee huruma. Sikuweza. Mara nne kwa siku moja! Watu wengine hawajui walichonacho.

Jumatatu, 18 Agosti

Mpango wa kwanza. Umekufa.

Jioni Baba mdogo alileta simu. Kulikuwa na makala ya mchambuzi wa benki moja kubwa. Aya ya kwanza ilisema hisa imepanda kuliko kawaida, wateja wakubwa wanaanza kujitengenezea chipu zao wenyewe, washindani wanakaribia. Nikaitafsiri kwa sauti ya msibani. Aya ya pili ilisema hata hivyo kampuni ina afya njema. Sikuisoma. Sikudanganya! Niliishia tu mapema.

Mwalimu Benedicto alitikisa kichwa. Bibi alisema maskini Madoa. Nikaona mambo yanakwenda.

Kisha Baba mkubwa aliuliza huyo anayesema haya ni nani. Nikasema benki. Akauliza benki yenyewe haina mkono kwa ng'ombe huyu? Nikashuka mpaka chini kabisa, penye maandishi ya sisimizi. Imeandikwa benki inaweza kununua au kuuza hisa hizo hizo wakati wowote.

Baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyo ni mlanguzi wa mnadani! Amefika, amemtazama ng'ombe, amesema anachechemea, meno yameisha, jicho moja bovu, na mkononi ameshika kamba ya kumfungia. Amelisikia hilo miaka arobaini. Anayemponda Madoa anamtaka Madoa kwa bei ya mbuzi. Hatuuzi! Akamwambia Baba mdogo aulize kama tunaweza kuongeza mwingine.

Baba mdogo akampigia saluti. Akasema huyu mzee yuko mbele sana, aki angezaliwa kule Nairobi angekuwa na jengo.

Nilienda kulala bila kula. Hakuna aliyeona, maana Bibi alidhani nimekula kwa kina Dorah.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefikiri siku mbili, pamoja na kipindi cha Fizikia. Kama akipondwa hawauzi, basi asifiwe!

Leo nilichagua makala mwenyewe. Ya mwekezaji mmoja tajiri. Sifa tupu. Kwamba dunia nzima itahitaji chipu hizi, mahospitali, magari, majeshi, hata friji. Kwamba taarifa ya Jumanne itashangaza kila mtu. Kwamba anayeuza sasa atajuta na watoto wake watajuta. Hapo niliongeza wajukuu.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza msemaji anazo hisa hizo? Nikasoma: anazo nyingi. Akavuta kiti mbele. Akasimulia ng'ombe aliyewahi kumnunua mnadani, mweusi, aliyesifiwa na mwenye ng'ombe mpaka mate yakamkauka. Wakatoka sokoni naye. Njiani akalala chini, asiinuke tena. Akasema mtu mwenye ng'ombe mzuri hukaa kimya akamwacha ng'ombe asimame. Anayepiga kelele anataka kuondokewa naye kabla mvua haijanyesha.

Tunauza, akasema. Kabla ya Jumanne.

Ushindi! Nilikaza midomo ili nisicheke.

Baba mdogo alipandwa hasira. Ati hawa wazee wanafanya stoku kama mbuzi wa sikukuu, ati majuzi tuongeze leo tuuze, hata simu yenyewe imechoka. Mwalimu Benedicto akapendekeza tuuze nusu, tubakize nusu, ndivyo vitabu vinavyoshauri. Bibi akamwuliza, kwa heshima, kama anajua njia ya kuuza nusu ya ng'ombe bila kumchinja. Mwalimu akasema anaondoa hoja.

Kikao cha kuuza ni Jumamosi. Mama Tabitha aitwe.

Kisha, wakati natoka, Dorah. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akaninong'oneza kwamba neno wajukuu halikuwepo. Na kwamba Jumatatu niliruka aya nzima. Akasema angeweza kumwambia baba yake. Au nimchotee maji mpaka Jumapili.

Namchotea.

Alhamisi, 21 Agosti

Ndoo za Dorah ni kubwa kuliko zetu. Nadhani amezibadilisha.

Lakini Mama amepewa ruhusa! Siku tatu, jambo la ukoo. Baba mkubwa mwenyewe aliongea na msimamizi wake. Anafika Jumamosi mchana.

Nimefagia uwanja. Nimekandika ukuta wa jikoni palipobomoka. Nimefua kanga ya msumarini ili ianze upya. Bibi amekubali kuku mweusi achinjwe, na ugali wa mtama, na maziwa ya mgando yameshawekwa. Kuku mweusi hajui. Nimemtazama usoni nikamwambia ni kwa ajili ya jambo kubwa.

Nilipopeleka maji kwa kina Dorah, Mama mkubwa, mama yake Dorah, alinishika shingo kwa nyuma, hivi tu, akasema mtoto huyu amekonda, njoo ule kiazi. Nilikula kiazi nikiwa nimegeukia ukuta. Moshi ulikuwa mwingi.

Jambo moja linanisumbua, na nimeahidi kuandika yote. Madoa akiuzwa Jumamosi, ataondoka akiwa hajanenepa. Nimepiga hesabu. Cherehani haitoshi. Labda meza ya cherehani. Na kama Baba mdogo anasema kweli, kwamba akizaa vizuri Jumanne atapanda sana, basi tukingoja Mama anaweza kurudi moja kwa moja. Nikiuza napata siku tatu.

Darasani nilinyoosha mkono, nikamwuliza Mwalimu Benedicto kipi ni bora, kidogo cha hakika au kikubwa cha labda. Alifurahi mno. Akasema hilo ndilo swali la kila mwekezaji duniani. Akalijibu kwa dakika nyingi, akachora jedwali. Jibu lilikuwa: inategemea.

Siku tatu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nachagua hizo. Nimeshazipanga mpaka saa.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuja.

Nilikaa barabarani tangu asubuhi. Pikipiki zilipita. Moja ilikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha bluu kama chake. Nilisimama. Akashuka kwa jirani.

Mchana Baba mdogo alifika kikaoni amechangamka. Akasema ametuokoa. Jana alifikiri: Mama Tabitha asafiri kutwa nzima kuja kubonyeza kitu kilichomo kwenye simu? Nauli ya nini? Simu ndiyo kamba! Kamba si inabebeka? Akampigia Mama jana kwa simu ya msimamizi, akamwambia asijisumbue, arudishe ruhusa, yeye mwenyewe ataipeleka kamba mpaka Natta Jumatatu. Kidole chake Mama, mkono wake Mama, mila haijaguswa.

Wote walimsifu! Baba mkubwa akasema leo ametumia kichwa. Nikasema kambini hakuna mtandao. Baba mdogo akasema kwa wageni upo, tena wa bure. Nikamgeukia Bibi, nikamwuliza kwa upole kama kamba haifunguliwi langoni mwa zizi. Bibi alifikiri. Nilimwona akifikiri! Akasema zamani ndiyo, lakini Madoa wa sasa lango lake liko wapi? Hakuna aliyejua. Basi kidole ni kidole.

Nikaomba niende naye, nikae nyuma ya pikipiki, nibebe hata makava. Baba mkubwa akaniuliza Jumatatu kuna nini shuleni. Mwalimu Benedicto akanijibia. Mtihani wa uwekaji hesabu. Wake.

Kuku mweusi amesamehewa. Alipita mbele yangu mara mbili.

Jumapili, 24 Agosti

Mama alipiga. Nilimwuliza kama alisikitika kuambiwa asije. Akanyamaza, au mtandao ulikatika. Kwenye simu huwezi kujua tofauti. Kisha akasema soma vizuri kesho.

Mpango wa tatu, jioni. Simu ikiisha chaji Natta, hakuna kubonyeza. Nilichukua chaja ya Baba mdogo, nikaifukia ndani ya debe la mtama, chini kabisa, mpaka kiwiko. Nikanawa. Nikakaa kama mtu mwema.

Baba mdogo aliitafuta kidogo. Kisha akafungua sanduku lake la biashara, akatoa nyingine mpya.

Anauza chaja. Mwaka wa sita huu anauza chaja.

Jumatatu, 25 Agosti

Baba mdogo aliondoka alfajiri. Mtihani saa tatu. Niliandika mali upande wa madeni. Mwalimu Benedicto alipita mezani kwangu, akaguna.

Soko la Amerika hufunguliwa saa kumi na nusu jioni ya kwetu. Saa kumi na nusu nilikuwa nimesimama langoni mwa zizi. Sijui nilikuwa nangoja nini. Ng'ombe wa Baba mkubwa walirudi kutoka malishoni, wakanipita kila mmoja upande wake kama mimi ni kigingi. Nikafikiri, sasa hivi anabonyeza. Amefuta mikono, amebonyeza, imekwisha.

Nikamshikia Baba mkubwa lango. Akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema vumbi. Akasema basi simama upande ule mwingine. Kisha hakuondoka. Tulisimama wote upande ule mwingine.

Jumanne, 26 Agosti

Baba mdogo amerudi. Hajauza!

Aliingia kikaoni na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaomba maji kwanza. Naandika kama alivyosimulia.

Alifika mapema. Mlinzi wa geti alimweka chini ya mti mpaka alasiri, yeye akamwuzia kava moja na chaja mbili. Saa kumi akaruhusiwa kuingia nyuma, mahali pa kufulia. Mama alikuwa kwenye beseni. Walisalimiana. Saa kumi na nusu soko likafunguka. Akampa simu, akamwonyesha pa kubonyeza. Mama akaweka kidole. Simu ikakataa. Kidole kina maji, tena kimekunjamana kwa sabuni, simu haikitambui kama cha mtu. Baba mdogo akavua shati lake mwenyewe, akamkausha Mama mkono kama mtoto. Mama akasema ahsante shemeji, ngoja kwanza, shuka moja limebaki. Akauzamisha tena mkono kwenye beseni.

Akamaliza shuka. Akarudi na mikono inatiririka. Simu ikakataa. Shati likaja tena. Mama akakumbuka foronya.

Ikawa hivyo mpaka giza. Baba mdogo anasema hajawahi kuona mwanamke mchapakazi kiasi kile, ilikuwa kama kambi nzima imemwangukia yeye. Katikati Mama aliishika simu muda mrefu kidogo, mikono mikavu kabisa, akitazama ile picha ya siku Madoa alipouzwa, ambayo mimi nimeshika mkia. Baba mdogo akasema haya sasa, bonyeza. Mama akasema kuna taulo.

Mwisho akamwambia: waambie wazee mkono umekataa, labda ufunguliwe nyumbani.

Baba mkubwa alikasirika. Baba mdogo akacheka akasema mimi si nilisema tungoje? Bibi aliendelea kuchambua. Alikuwa anatabasamu na maharage yake. Sijui maharage yana nini.

Mimi nashangaa. Mama si mtu wa kusahau foronya.

Madoa anazaa usiku wa leo. Kamba bado imefungwa.

Jumatano, 27 Agosti

Amezaa! Asubuhi Baba mdogo alikuja mbio kabla sijavaa sare. Mapato yamepita makadirio ya wachambuzi wote. Faida imepita. Hata matarajio ya miezi mitatu ijayo yamepita. Ndama mkubwa, wa afya. Bibi alipiga vigelegele. Nikaiona cherehani dirishani, wazi kabisa, na Mama nyuma yake anauma uzi.

Jioni soko lilipofunguka, Madoa akaanguka. Si kuteleza. Kuanguka.

Baba mdogo alitazama simu, akaizima, akaiwasha. Akasema hii si fair. Amezaa vizuri, si ndiyo? Sasa kwa nini? Mwalimu Benedicto alisema walitarajia makubwa zaidi ya makubwa. Bibi akauliza walitaka azae nini, tembo?

Simu nilinyang'anywa. Dorah amepandishwa cheo kuwa msomaji, kwa sababu baba yake anasema sauti yangu inatetemeka siku hizi. Dorah alisoma makala nzima, aya zote, mpaka maandishi ya sisimizi. Kwa uaminifu kamili. Katikati Baba mkubwa alisinzia.

Alipoamka alitoa uamuzi, akiwa mtulivu kuliko wote. Kila ng'ombe aliyetoka kuzaa hukonda, mbavu huonekana, anayemuuza wiki hiyo ni mgonjwa. Apewe majani. Atanenepa tena. Hauzwi sasa, wala mwezi ujao. Na kwa kuwa hauzwi, hakuna haja ya kumsumbua Mama Tabitha.

Hakuna haja.

Nilikwenda nyuma ya jiko. Dorah alinifuata. Nikadhani anataka maji. Alikaa tu. Baadaye akasema nikitaka, kesho niende kwao asubuhi, nikae ovyo ovyo, mama yake atanigombeza na mimi.

Ijumaa, 29 Agosti, asubuhi sana

Mama, sasa nakuandikia wewe moja kwa moja, maana daftari linakuja huko. Baba mdogo anarudi Natta. Wafanyakazi wenzako wameagiza chaja kumi na nane, na mlinzi anataka kava jingine. Anakunywa chai, kisha anaondoka. Ulisema utasoma ukija. Siwezi kungoja Novemba. Soma sasa. Yote ni kweli, hata ya mtama. Chaja bado iko humo, ukija tutaitoa pamoja.

Jana nilikwenda kwa kina Dorah nikakaa ovyo ovyo. Mama mkubwa alinipa uji. Hakugombeza hata kidogo. Uji wake si sawa na wako.

Nimejifunza mengi kutokana na haya yote, na nimetengeneza mpango mpya. Usimwambie Baba mdogo. Nimemwuliza Mwalimu Benedicto, akathibitisha: kampuni hii hutoa taarifa ya mapato kila miezi mitatu. Maana yake Madoa anazaa mara nne kwa mwaka! Ng'ombe gani wa Itiryo anaweza hivyo? Kila akikaribia kuzaa, wazee lazima wabishane. Wakibishana, mmoja atataka kuuza. Akitaka kuuza, kamba. Safari hii nitasoma nusu kwa kuponda na nusu kwa kusifu, ili wagawanyike sawasawa, wasifikie mwisho mpaka umefika wewe. Dorah amekubali kuwa msaidizi wangu. Tuzo yake ni maji, wiki mbili. Ndama anayefuata ni mwezi wa kumi na moja, mwishoni, na likizo yako iko mwanzoni, kwa hiyo ukiondoka tu unarudi. Siku tatu mara nne ni kumi na mbili. Ukijumlisha na likizo inakaribia kuwa kama unaishi hapa.

Cherehani itangoja kidogo. Dirisha lake nimelifuta hata hivyo. Kuku mweusi ameanza kulalia dirishani, ninamfukuza.

Baba mdogo ameinua kikombe cha mwisho. Naandika haraka. Nimemwagiza asirudi bila jibu lako, hata neno moja, hata kama mikono imelowa.

Mama, yale mashuka ya Jumatatu, na foronya, na taulo, yalikuwa yamebaki kweli?